Baba Aliyesubiri Kileleni

Leo sianzi na somo. Somo litakuja. Nikianza na somo nawajua, mkisikia mstari wa kwanza tu mnajiambia "hili tunalijua," mnaegemea kiti, na wengine mnaanza kuwaza mboga mlizoziacha jikoni. Kwa hiyo naanza na mfano, na naomba mnisikilize, maana mfano wenyewe unaniudhi. Nimekaa nao wiki nzima, na kila nikifika katikati natamani kumshika mtu shati.

Alikuwepo baba mmoja. Simtaji jina, msianze kutazamana. Baba huyu alikuwa bingwa wa baiskeli. Si mnazijua zile mbio za wilaya, watu wamevaa bukta, wamefunga vitambaa kichwani, wanakwenda kilomita nyingi na kurudi, na mshindi anapewa dume la ng'ombe? Yeye alishinda mara mbili. Na dume la pili hakuliuza wala hakulichinja. Alilifuga tu pale nyumbani, ili watu wakipita waulize limetoka wapi.

Baba huyu alifiwa na mke. Wakabaki yeye na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na miwili. Ukoo ukakaa, wakasema mwanamume peke yake na mtoto wa kike wa umri huu, hapana. Wakampeleka mtoto kwa mamkubwa wake, Tabora mjini, akakaa huko miaka mitatu. Baba akawa anakwenda kumwona mara moja kwa mwaka, amebeba kuku wawili na kiroba cha karanga, anakaa siku mbili, anarudi. Binti alikuwa na adabu zake. "Shikamoo baba." Anamletea maji ya kunawa, anamtengea chakula, basi. Neno jingine hakuna. Wakikaa sebuleni wanaitazama televisheni wote wawili mpaka usingizi unawachukua.

Binti alipotimiza miaka kumi na mitano, ndugu wa pande zote mbili wakasema sasa mtoto ana akili zake. Likizo ya Juni aende kwa baba yake, na akifika huko atamke mwenyewe mbele ya watu kama anahamia kwa baba, au anaendelea kukaa kwa mamkubwa mpaka amalize shule. Atakalosema ndilo. Hakuna kumlazimisha.

Baba yule alimtaka mwanawe. Hilo mlishike, kwa sababu nitamsema sana huyu bwana, mpaka mtamwonea huruma, lakini kumpenda mtoto alimpenda. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, na viwili vilikuwa kimya tangu siku ya msiba. Alishakwisha kununua kitanda cha binti na chandarua. Kitanda kiko tayari, mtoto ndiye hayupo.

Akajiuliza, nimlete vipi? Akasema: "Nikimleta kwa basi ni siku moja. Tutakaa viti viwili, yeye atasinzia dirishani, tutashuka hatujaongea. Lakini nikimleta kwa baiskeli ni siku nne. Siku nne, mimi na mwanangu, barabara, hewa safi, mazungumzo. Tukifika atakuwa ananijua, na akiulizwa atasema anabaki."

Ni wazo zuri au baya? Semeni. Zuri! Zuri kabisa, hata mimi ningelipigia makofi. Shida yetu haijawahi kuwa mawazo, jamani.

Basi, akapandisha baiskeli yake ya gia juu ya basi, akaenda Tabora. Kule akamnunulia binti baiskeli ya mtumba, Foneksi. Akaiweka uani kwa mamkubwa, akajaza upepo, akapaka oili kwenye cheni, akatoa spana akakaza breki kwa mkono wake mwenyewe. Alisema mtoto wa kike lazima awe na breki za kushika. Mamkubwa akasimama mlangoni na kanga yake, anatazama.

"Shemeji," akamwambia, "una hakika na jambo hili? Mtoto hajawahi kuendesha baiskeli kupita sokoni."

"Shemeji, hiyo ni damu yangu," baba akasema. "Hiyo miguu unayoiona ni yangu."

Asubuhi saa kumi na mbili wakaondoka. Kilomita za mwanzo wakaenda bega kwa bega, na mazungumzo yakaanza, kama alivyopanga. "Shuleni vipi?" "Nzuri." "Umekuwa wa ngapi?" "Wa tisa." "Tisa? Mmh." Basi, hayo ndiyo mazungumzo. Kisha kikaja kilima cha kwanza.

Sasa miguu ya bingwa haijui kwenda polepole. Sisemi alikusudia. Kilima kilipoanza, miguu ikashika kazi yenyewe, na alipokuja kugeuka nyuma, binti alikuwa mdogo kule chini, hata rangi ya sketi haionekani vizuri. Baba akafika juu. Akaegemeza baiskeli, akakaa kivulini, akanywa maji, akatafuna karanga, akajinyoosha mgongo, akawasalimu watu waliopita. Dakika kumi na tano hivi. Binti akafika. Jasho linamtoka, kifua kinapanda na kushuka, ndiyo kwanza anatafuta mahali pa kuweka mguu chini. Na baba akasimama, akapangusa suruali, akasema nini?

"Haya, umefika. Twende!"

Na akaenda.

Mnacheka. Chekeni tu. Kikaja kilima cha pili, ikawa vilevile. Cha tatu, vilevile. Baba anafika, anakaa, anapumzika, anatazama saa. Mtoto anafika akihema, baba anainuka. "Twende!" Siku nzima! Jioni wakafikia kwa mwinjilisti mmoja kabla ya Nzega, wakakaribishwa, na baba akaanza kumsimulia mwenyeji wake kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Mwinjilisti, leo nimemsubiri mtoto huyu mara kumi na moja. Mara kumi na moja, nimehesabu! Mwingine angeshamchapa, lakini mimi nimevumilia." Na mwinjilisti anatikisa kichwa, anasema pole. Binti hakusikia, maana alilala mkekani kabla ugali haujaiva.

Niwaulize. Siku ile nzima, nani alipumzika? Aliyekaa kivulini mara kumi na moja ni nani? Na huyu aliyefika mara kumi na moja, alikaa mara ngapi? Halafu anayepewa pole ni nani? Loo! Waliosema mwenye shibe hamjui mwenye njaa walimwona huyu bwana kabla hajazaliwa.

Namsikia Mzee Kiula pale anasema mtoto mvivu. Nimekusikia, mzee wangu. Subiri, tutafika wote.

Siku ya pili mambo yakawa mabaya zaidi, maana sasa baba alikuwa na hasira ya jana juu ya hasira ya leo. Binti hakulalamika. Hakuomba kitu. Alikanyaga pedeli tu, kichwa chini. Wakawa wamepita Nzega, kwenye mwinuko mmoja mrefu, baba akamngoja tena juu, na alipofika akamwambia maneno ambayo nawaomba, kama mna watoto nyumbani, msiyaseme kamwe. Akamwambia: "Hivi wewe una nini? Mama yako alikuwa anakwenda mnadani kwa baiskeli, wewe ukiwa mgongoni, na hakuchelewa hivi!"

Jamani baba! Marehemu unamtaja kwenye kilima? Miaka mitatu mtoto hajasikia jina la mama yake kinywani mwako, na siku unapolitaja, unalitaja kama fimbo? Binti alimtazama, akatazama chini, hakujibu. Na baba akaona amemshinda kwa hoja. "Twende!"

Siku ya tatu wakalala Igunga. Siku hiyo sina la kusema, ilikuwa kama zile mbili, ila maneno yalipungua. Walikwenda kutoka asubuhi hadi saa tisa bila hata "umeona yule punda."

Siku ya nne wakaingia mbuga ya Wembere. Mnaijua, tambarare tupu, na mwezi wa sita upepo unakuja mbele yako unakusukuma kifua. Sasa hapa ndipo ninapotaka kumshika shati. Waendesha baiskeli wa mbio wanalo jambo wanalolijua tangu siku ya kwanza. Upepo ukiwa mbele, mwenye nguvu anatangulia, na mnyonge anajibana nyuma ya tairi lake, karibu kabisa, hapo upepo haumpati. Ndivyo wanavyosaidiana. Bingwa wetu alilijua hilo kuliko mtu yeyote wilayani, amelitumia mbio zote mbili. Na siku hiyo alikuwa wapi? Nusu kilomita mbele! Anaukata upepo kwa nguvu zake zote, kifua mbele, jasho, anajisikia shujaa. Anaukata kwa ajili ya nani? Nyuma ya tairi lake hapana mtu. Mtoto yuko kule anapigwa na upepo wake peke yake.

Ujuzi anao. Nguvu anazo. Upendo kwa mtoto anao. Na hakuna kati ya hivyo vitatu kilichomfikia mtoto. Mnaona kwa nini mfano huu unaniudhi?

Wakafika mlima wa Sekenke. Hapo sihitaji kuwaeleza, mnaupanda wenyewe, mnajua hata lori linavyolia. Baba aliupanda bila kushuka kwenye kiti. Akafika juu, akanunua viazi vitamu vya kuchemsha kwa mama mmoja, akala, akanywa maji, akajilaza. Saa nzima ikapita. Hasira ikampanda mpaka ikafika shingoni. Akawa anapanga maneno ya kumwambia mtoto akifika.

Mara akasikia kicheko. Kwanza hakujua ni cha nani. Alipochungulia kwenye kona, akaona wachuuzi wa kuku wanapandisha baiskeli zao kwa kusukuma, wale wenye matenga makubwa nyuma, kuku wanachungulia, na katikati yao ni binti yake. Mmoja wa wachuuzi anamsaidia kusukuma Foneksi kwa mkono mmoja. Na binti anaongea! Anaongea, anacheka, anaonyesha kwa mikono, anawasimulia habari za mwalimu wao wa hisabati. Binti ambaye kwa siku nne alimpa baba yake maneno ishirini.

Mngetegemea baba afurahi. Mimi pia. Hakufurahi. Kitu kilimchoma, na alijua ni wivu, ila hakukiita kwa jina lake. Wachuuzi wakalaza baiskeli zao, wakaketi, binti naye akaketi katikati yao. Baba akasimama, akapangusa suruali. "Haya, umefika. Twende."

Mchuuzi mmoja, mwanamume wa makamo hivi, akamwambia kwa heshima: "Pole na safari, mzee. Sisi bado. Mwenzetu mmoja yuko nyuma. Kwetu wa mwisho kufika ndiye anayesema twende, na hasemi mpaka amekaa, amekunywa maji, na jasho limekauka."

Baba akacheka kile kicheko cha pembeni. "Kwa hiyo mnamsubiri mzembe awaamrishe?"

"Si mzembe, mzee. Tenga lake ni kubwa kuliko haya yetu." Kisha yule mchuuzi akaigeukia Foneksi. "Halafu mzee wangu, hii baiskeli ya mtoto. Nimemsaidia kuisukuma hapo chini, nimeona kama..."

"Naijua," baba akamkata. "Nimeinunua mwenyewe. Ahsanteni kwa msaada. Wewe, inuka, twende."

Na binti akainuka. Alikuwa amekaa dakika tatu.

Alasiri wakaingia nyumbani. Shangazi mtu alikuwa anawangoja, dada yake mkubwa yule baba, mama mmoja mwenye sauti, na ndugu wengine wachache wamekaa kwenye viti. Wakapewa maji, wakala, wakapumua kidogo. Shangazi akamwita binti, akamkalisha karibu yake, akamwambia: "Mwanangu, hapa hakuna wa kukukasirikia. Sema moyo wako. Unahamia hapa kwa baba yako, au unarudi kwa mamkubwa?"

Binti akasema, "Narudi kwa mamkubwa, shangazi."

Baba akaruka kwenye kiti. "Nini? Mimi nimemsubiri mtoto huyu siku nne! Vilima vyote! Kuanzia Tabora mpaka Sekenke nimekuwa nasubiri! Nani mwingine angemsubiri hivyo?"

"Kaka, nyamaza, sikukuuliza wewe," shangazi akasema. Akamgeukia mtoto. "Baba yako amekufanyia ubaya gani?"

"Hajanifanyia ubaya," binti akasema. "Ila kila nikimfikia, anaondoka."

Sasa nyie mnafikiri baba alielewa? Baba gani! Alitoka nje, akaenda kusimama kwenye zizi la lile dume lake, na shangazi alipomfuata, unajua alimwambia nini? "Mjini wamemharibu mtoto." Hayo ndiyo aliyoyapata katika jibu lile. Mtoto amempa maneno manne yenye ugonjwa wote na dawa yake yote, na yeye anazungumzia mjini.

Siku kumi na mbili binti alikaa pale. Likizo ikaisha. Baba akasema atampakia kwenye basi. Shangazi akasema, "Hapana. Ulimleta kwa baiskeli, utamrudisha kwa baiskeli. Na safari hii mtoto atatangulia. Wewe kaa nyuma, ukimpita mimi nitajua." Atajuaje, hiyo mimi sijui, lakini yule mama hakuwa mtu wa kubishana naye, nanyi mnao wa namna hiyo kwenye koo zenu.

Basi wakaondoka, binti mbele, bingwa wa wilaya nyuma. Na nyongo imemjaa. Anashika breki kila mara asimgonge. Anajisemea moyoni, tazama ninavyofanywa mjinga mbele ya watu. Hawajafika hata kwenye lami, kwenye kile kinjia cha kutoka kijijini, pakawa na mwinuko mdogo, wa mtoto wa darasa la pili. Na kwa sababu alikuwa nyuma, na hana mahali pengine pa kutazama, macho yakamwangukia tairi la nyuma la Foneksi.

Tairi linayumba.

Akatazama tena. Linayumba, na kila likizunguka linatoa sauti, krrr, krrr, krrr. Akapiga kelele: "Simama! Hebu simama!" Akashuka, akainua baiskeli kwa nyuma, akalizungusha tairi kwa mkono. Nyie mnaojua baiskeli, tairi zima ukilizungusha kwa mkono linakwenda mizunguko mingapi? Ishirini, thelathini, unaweza kwenda kunywa uji ukarudi. Hili lilikwenda nusu mzunguko, likasimama. Akazungusha tena, likasimama. Ringi ilikuwa imepinda tangu dukani, na yeye, kwa mkono wake, kwa spana yake, kule uani kwa mamkubwa, akaikaza breki juu ya ringi iliyopinda. Raba ya breki inaisugua ringi kila mzunguko. Mtoto ametoka Tabora anakanyaga pedeli huku breki imeshika, amekanyaga breki siku nne. Nzega amekanyaga breki. Wembere, kwenye upepo ule, amekanyaga breki. Sekenke ameupanda na breki.

Bingwa akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Akamtazama mtoto. Na kitu cha kwanza kilichomtoka mdomoni, kwa sababu ndivyo tulivyo, kilikuwa lawama.

"Mwanangu, hukusikia hii sauti?"

"Nilisikia, baba. Tangu siku ya kwanza. Nilitaka kukuuliza kama baiskeli zote zinakwaruza hivi."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

Binti akamtazama baba yake. Hakuwa na hasira. Nadhani angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Ningekuuliza saa ngapi, baba?"

Mfano umeishia hapo.

Nawaona. Mnataka kujua kama mtoto alibadilisha mawazo. Hakubadilisha. Baba alitoa spana, akalegeza breki, akainyoosha ringi kadiri alivyoweza, kazi ya nusu saa. Nusu saa tu! Wakaendelea, na binti akakimbia mpaka bingwa akaanza kuhema, na walipofika Tabora binti akaingia kwa mamkubwa wake na akabaki huko, na kile kitanda na chandarua vikabaki kama vilivyokuwa. Mlitaka nimrudishe kwa baba ili mtoke hapa mmefurahi? Hapana. Nusu saa ile ilikuwepo tangu uani kwa mamkubwa. Ilikuwepo kwenye kila kilima alichokaa akitafuna karanga. Kuna vitu ukichelewa kuvitazama, siku ukivitazama vinatengenezeka, lakini ulichokuwa unakitafuta kimeshakwenda.

Sasa tuje kwetu. Msigeuke kumtazama jirani, nazungumza na wewe.

Sisi ni watu wa kusubiri kileleni. Tumeokoka miaka ishirini, tunajua nyimbo zote bila kitabu, tunajua wapi pa kusimama na wapi pa kukaa, na tumekaa kivulini tunatazama saa. Anakuja kijana ametoka kwenye pombe, ametambaa miezi minane kufika kwenye mlango huu, anahema, anatafuta mahali pa kuweka mguu. Na sisi tunasimama, tunapangusa suruali. "Haya, umefika! Ingia kwaya. Jumamosi zamu yako ya usafi. Mbona Jumatano hatukukuona kwenye maombi?" Na akirudi alikotoka, tunasema nini? Tunasema kwa sauti ya watu walioonewa: "Tulimvumilia sana." Halmashauri ya wazee wiki iliyopita, nawataja hapa hapa mbele ya watu, mmesema neno hilo kuhusu vijana wetu mara saba, nami kama yule baba nilihesabu. Tumewavumilia, tumewasubiri. Ndugu zangu, tulikuwa tunapumzika! Na mimi nimo. Yupo binti mmoja wa darasa la kipaimara nilimwambia mwezi uliopita, "Wenzako wote wameshashika mafundisho, wewe una nini?" Hakujibu, akatazama chini, nami nikaona nimemshinda. Mpaka leo sijui kwao kuna nini. Sijawahi kukaa nyuma yake nikatazama.

Mama Msengi, unalia, na mimi sikukusudia kukuliza. Lakini acha yatoke.

Hebu fikirini, Mungu wetu angekuwa na tabia hii. Angekaa juu, akapaza sauti, pandeni! Nawasubiri! Nani hapa angefika? Semeni nani. Yeye alikuwa na miguu kuliko sisi wote, na haki ya kutuacha anayo. Akashuka. Alizaliwa huku chini, akatembea kwa mwendo wa watu wanaochoka, akakaa na wachovu, akawauliza maswali na akangoja majibu yao. Hilo ndilo somo langu la leo, na sasa mnaweza kufungua vitabu, lakini kabla hamjafungua nimalizie.

Kila mmoja wetu ana mtu ambaye wiki hii amemwambia, "Nimekusubiri vya kutosha." Yuko nyumbani kwako, au yuko hapa benchi la tatu na hakutazami. Mwingine ni mume wako, mwingine ni mtoto uliyemzaa. Ukitoka hapa leo, usimwendee na mahubiri, wala usimwendee na ombi la msamaha lenye maneno mengi ambalo nalo ni mbio zako mwenyewe. Mwendee, keti mahali alipo yeye, umuulize ni kitu gani kinachomzuia. Halafu, nawasihi, maana nawajua na najijua, funga mdomo wako mpaka amalize kujibu.